Waliamua nini Dar es Salaam mwaka 1977?

Msikilizaji, wiki mbili zilizopita kazi ilinipeleka Kwala, mkoani Pwani, upande ule ambako Kibaha na Kisarawe zinakaribiana na reli ya kati inakata pori kuelekea Morogoro. Nilitumwa kutazama makontena. Tangu bandari kavu ya Kwala ilipozinduliwa rasmi Julai 2025, habari za huko ni za malori, mabehewa na bei ya viwanja, na mimi nilikwenda na daftari langu kuandika hayo hayo.

Jua lilipokuwa kali nikaingia katika banda la chai. Kulikuwa na mzee mmoja amekaa na kikombe chake na redio ndogo imefungwa kwa mpira. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba," kisha akanitazama sana. "Wewe ndiye unayezungumza redioni kila wiki. Sauti yako naijua. Lakini mimi nilidhani wewe ni mtu mnene."

Tulipomaliza kucheka akanipa swali ambalo, nakiri mbele yenu, sikuweza kulijibu vizuri pale pale. Alisema mwaka 1977 alikuwa kijana akifanya kibarua cha jikoni mjini Dar es Salaam. Mwezi wa sita wakaja wageni wa kanisa kutoka duniani kote, weupe kwa weusi, na yeye akaosha sufuria muda wote waliokuwapo. "Mimi Mwislamu, mwanangu, mambo yao hayakunihusu. Tena nilikuwa upande wa sufuria. Lakini nilikuwa nikiwaona wanakaa vikundi vikundi, chai inapoa, wanabishana juu ya Makaburu. Basi miaka yote hii nimejiuliza. Wale waliamua nini?"

Nilimjibu nusu nusu nikaona haya. Nikamwahidi kwamba jibu kamili litakuja kwa njia ya redio yake. Maongezi ya leo, basi, ni deni ninalolilipa kwa mzee wa Kwala, na ninyi wengine mnaruhusiwa kusikiliza.

Mkutano aliouzungumzia ulikuwa Mkutano Mkuu wa sita wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, uliofanyika Dar es Salaam kuanzia Jumatatu tarehe 13 hadi Jumamosi tarehe 25 Juni 1977. Fungamano hilo lilizaliwa Lund, nchini Sweden, mwaka 1947, wakati Ulaya ilikuwa bado inafukua maiti kutoka katika vifusi vya vita. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwalisha wakimbizi na kuzipatanisha nchi ambazo raia wake, wote wakijiita Walutheri, walikuwa wametoka kuuana. Mikutano mikuu iliyofuata ilifanyika Hannover, Minneapolis, Helsinki na Evian. Mtaona kwamba yote ni miji ya Ulaya na Marekani. Ule wa Evian, Ufaransa, mwaka 1970, ulipangwa kufanyika Brazil, ukahamishwa dakika za mwisho kwa sababu Brazil ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi na wengi hawakutaka kwenda kupeana mikono na majenerali. Kwa hiyo Dar es Salaam ndiyo iliyoupokea kwanza mkutano huo nje ya nchi za wenye nacho.

Na ulikuja mwaka gani! Wenye umri wangu tulikuwa bado hatujazaliwa, au tulikuwa mgongoni, lakini tumesoma. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP ziliungana kuwa CCM. Mwezi huo huo mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikawa inavunjika vipande vipande, ndege huku na vichwa vya treni kule. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa Uganda mikononi mwa serikali ya Idi Amin, na dunia ikaambiwa kwamba ni ajali ya gari. Kusini, Msumbiji na Angola zilikuwa zimekwisha kujitawala, lakini Rhodesia, Namibia na Afrika Kusini bado. Dar es Salaam palikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Ukienda mtaani ungeweza kupishana na mpigania uhuru anayenunua embe.

Mimi ni mtu wa redio, kwa hiyo mniruhusu nisimame hapa kidogo. Fungamano hili la Kilutheri lilikuwa na kituo kikubwa cha redio Addis Ababa, kilichofunguliwa Februari 1963 mbele ya Mfalme Haile Selassie. Kilirusha matangazo kwa lugha nyingi za Afrika na Asia, Kiswahili kikiwamo, na vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, katika studio ya Sauti ya Injili. Wazee wetu katika kazi hii, wale waliotufundisha kushika kinasasauti, baadhi yao walianzia huko. Tarehe 12 Machi 1977, miezi mitatu tu kabla ya wajumbe kuwasili Dar es Salaam, serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo kile na kukigeuza kuwa sauti ya mapinduzi. Kwa hiyo wakuu wa Fungamano walipokuja kwetu walikuwa wamenyang'anywa chombo chao kikubwa kuliko vyote. Walikuja na karatasi na vinywa vyao. Jambo hili halitajwi sana katika habari za mkutano ule, nami nadhani lingestahili.

Sasa, mzee wangu, kwa nini watu wa kanisa wabishane juu ya Makaburu mpaka chai ipoe? Jibu halianzii mbali na hapo ulipokaa.

Kisarawe, jirani zako, ndiko Walutheri walikofungua moja ya vituo vyao vya kwanza nje ya mji wa Dar es Salaam, mwaka 1892. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamefika Dar es Salaam mwaka 1887, wakati bendera ya Ujerumani ilikuwa mpya, na kutoka pwani wakapanda vilima vya Uzaramo, Kisarawe kwanza, kisha Maneromango. Walianza kwa shida. Wazaramo walikuwa na dini yao na wengi walikuwa wameshika au wanashika Uislamu, wala hawakuona sababu ya kuwakimbilia wageni. Mwaka 1903 kazi hiyo ya Uzaramo ikakabidhiwa chama kingine cha Kijerumani, Misheni ya Berlin.

Shikeni jina hilo. Misheni hiyo hiyo ya Berlin ilikuwa Afrika Kusini tangu mwaka 1834. Yaani ofisi moja huko Berlin ilikuwa ikiandika barua kwa mwalimu aliyeko Maneromango na kwa mwalimu aliyeko Transvaal, ikitumia katekisimu moja na meza moja ya Chakula cha Bwana. Mlutheri wa Kisarawe na Mlutheri mweusi wa Transvaal walikuwa, kwa namna ya kusema, watoto wa ziwa moja.

Lakini Afrika Kusini lilitokea jambo ambalo huku kwetu halikutokea kwa kiasi kile. Wajerumani walihamia kwa wingi, wakalima, wakafanya biashara, wakajenga makanisa yao wenyewe kwa lugha yao. Mmisionari akawahubiria weusi upande huu wa mto, na ndugu yake mlowezi akasali na weupe wenzake upande ule. Mwanzoni ilisemwa kwamba ni suala la lugha tu. Baadaye serikali ya Makaburu iliposhika madaraka mwaka 1948 na kuufanya ubaguzi kuwa sheria, suala la lugha likageuka ukuta. Mwaka 1975 makanisa manne ya Kilutheri ya weusi yaliungana kuwa kanisa moja la Kusini mwa Afrika. Makanisa ya weupe yakabaki nje. Wote wakaendelea kuwa wanachama wa Fungamano lile lile, wote wakaendelea kujiita Walutheri.

Namibia hali ilikuwa ya kutisha zaidi, kwa sababu huko Walutheri si wachache. Ni karibu nusu ya watu wote. Mwezi Juni 1971 Mahakama ya Kimataifa ilisema kwamba Afrika Kusini inaikalia Namibia kinyume cha sheria. Siku chache baadaye viongozi wawili wa makanisa ya Kilutheri ya weusi, Leonard Auala na Paulus Gowaseb, walimwandikia Waziri Mkuu Vorster barua ya wazi wakimwambia kwamba watu wake wanaumizwa na kwamba nchi hiyo inastahili kujitawala. Barua ikasomwa makanisani. Mwaka 1973 kiwanda cha uchapaji cha kanisa kule Oniipa, kaskazini, kililipuliwa kwa baruti. Wakakijenga upya. Mwaka 1980 kikalipuliwa tena. Sisi tunaoishi kwa wino na sauti tunajua maana ya mtu kujisumbua kulipua mashine ya kuchapia mara mbili.

Basi watu hao, wa Namibia na wa Afrika Kusini, ndio waliokuja Dar es Salaam. Tarehe 16 Juni, siku ya nne ya mkutano, ilikuwa imetimia mwaka mmoja tangu watoto wa shule wapigwe risasi Soweto. Sidhani kama kuna mjumbe aliyehitaji kukumbushwa. Miongoni mwa waliozungumza kwa nguvu alikuwamo Manas Buthelezi, mwanateolojia na askofu wa Afrika Kusini, ambaye serikali yake iliwahi kumpiga marufuku asihutubie wala asiandike. Yeye na wenzake walileta hoja ambayo kwa masikio ya kawaida inasikika ndogo, lakini ndani ya kanisa ni kubwa kama tetemeko.

Hoja yenyewe ilikuwa hivi. Mpaka wakati huo makanisa ya dunia yalikuwa yakisema kwamba ubaguzi ni dhambi, ni uovu, ni siasa mbaya. Hayo ni maneno ambayo mtu anaweza kuyakubali jioni na asubuhi akafungua kanisa la weupe peke yao. Buthelezi na wenzake walisema hapana. Ubaguzi ukiingia mpaka kwenye meza ya Chakula cha Bwana, ukasema huyu ale hapa na yule ale kule kwa sababu ya ngozi, basi jambo si la siasa tena wala si la tabia. Imani yenyewe iko hatarini. Katika hali kama hiyo kanisa halina nafasi ya kusema kwamba kila mmoja afanye aonavyo. Ni lazima likiri au likane.

Walutheri wana neno la Kilatini kwa hali hiyo, status confessionis, yaani hali ya kulazimika kuikiri imani. Mizizi yake ni ya karne ya 16, katika mabishano yaliyomalizika kwa maafikiano ya mwaka 1577, miaka 400 kamili kabla ya mkutano wetu wa Dar es Salaam. Wakati huo waliuliza, je, kuna mambo ya kanisa ambayo ni madogo tu, mtu anaweza kuyafanya au kuyaacha? Wakajibu kwamba yapo, lakini siku mtesi anapokulazimisha kwa nguvu, hata dogo si dogo tena. Neno hilo lililala vitabuni mpaka Hitler aliposhika nchi mwaka 1933 na watu wakataka wachungaji wenye damu ya Kiyahudi waondolewe. Kijana mmoja mwanateolojia, Dietrich Bonhoeffer, akalichomoa tena. Baadaye Wanazi walimnyonga.

Naam, mwaka 1977 neno hilo likatamkwa Dar es Salaam. Mkutano Mkuu ulipitisha azimio kwamba hali ya Kusini mwa Afrika imefikia kiwango hicho, na ukayasihi hasa makanisa ya weupe yaukatae ubaguzi hadharani bila kificho, kwa ajili ya imani na kwa ajili ya umoja wa kanisa.

Hilo ndilo waliloamua, mzee. Lakini usizime redio bado.

Kulikuwa na wenye shaka, na si wote walikuwa watu wabaya. Walisema kanisa lisiingie katika siasa. Walisema ukimfukuza mwenye makosa, nani atamhubiria? Wengine walinong'ona kwamba mkutano umefanyika Dar es Salaam, mji wa wapigania uhuru, kwa hiyo wajumbe wamelewa hewa ya mji. Hoja ya pili ni nzito na mimi siidharau. Ile ya kwanza naona haikuwa na miguu, maana aliyeleta siasa mezani hakuwa Buthelezi. Alikuwa yule aliyeweka meza mbili.

Na sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa tumekwisha kuona zamani jinsi suala la meza linavyoweza kuwasha moto. Juni 1913, huko Kikuyu, Kenya, wamisionari wa madhehebu ya Kiprotestanti walikutana kutafuta namna ya kushirikiana. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la misheni ya Waskoti, na wasio Waanglikana wakala pamoja na Waanglikana. Habari zilipovuka bahari na kufika Unguja, Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikasirika akawashitaki Peel na Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akiwatuhumu kwa uzushi. Magazeti ya Uingereza yaliandika juu ya hilo kwa miezi, mpaka vita kuu ilipoyapa habari nyingine. Ugomvi wa 1913 ulikuwa kwamba watu wamekula pamoja. Ule wa 1977 ulikuwa kwamba watu wamekataa kula pamoja. Katikati yake ni miaka 64.

Walutheri wenyewe wa Afrika walikuwa wamekutana kwa mara ya kwanza hapa hapa nchini, Marangu, chini ya Kilimanjaro, Novemba 1955, wakati Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Huko ndiko watu wa Madagascar, Ethiopia, Namibia na Tanganyika walipoanza kufahamiana wao kwa wao badala ya kila mmoja kumfahamu mzungu wake tu. Mwaka 1963, tarehe 19 Juni, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa kanisa moja, ambalo leo ni KKKT. Mwaka uliofuata likaanza shirika la kuwahudumia wakimbizi, TCRS, kwa makubaliano ya serikali, Umoja wa Mataifa na Fungamano. Wakimbizi wa Rwanda, na baadaye wale wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kupelekwa Katumba na Ulyankulu, walichimbiwa visima na kujengewa shule na zahanati kwa mkono huo. Nayataja haya kwa sababu mkutano wa 1977 haukuja kwa watu wasio na kazi. Uliwakuta wenyeji wakiwa wamechoka kwa kuhudumia.

Na uliwapa wenyeji jambo lingine. Katika mkutano huo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho, akipokea kutoka kwa Mikko Juva wa Finland.

Kibira alizaliwa Kashenye, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1925. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji, akasoma Bethel nchini Ujerumani na Boston nchini Marekani, na mwaka 1964 akashika uaskofu kutoka kwa Msweden Bengt Sundkler. Alikuwa mtu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Buhaya. Watu wa Uamsho wana desturi ya kuungama makosa yao waziwazi, mbele ya wenzao, kwa majina ya makosa hayo. Wengine waliwaona kero. Lakini mimi nikitazama azimio la Dar es Salaam naona desturi ile ile imepelekwa katika ngazi ya dunia, kwamba kosa halitibiki mpaka litajwe jina lake mbele ya waliokosewa. Huenda ni mawazo yangu tu.

Kazi aliyopewa Kibira ilikuwa ngumu. Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalivuka na kukalia eneo la kaskazini ya Mto Kagera. Kwa hiyo Rais wa Walutheri wa dunia alikuwa askofu ambaye mkoa wake umeingia vitani, watu wake wanakimbia na godoro kichwani, na huku anatakiwa Geneva kujibu maswali juu ya Afrika Kusini.

Tena azimio halikuwa na meno. Liliyasihi makanisa ya weupe, wala halikusema yatafanywa nini yakikataa. Yakapewa muda. Wajumbe wakaenda, barua zikaandikwa, mazungumzo yakafuata mazungumzo. Wakati huo Steve Biko aliuawa mikononi mwa polisi, Septemba 1977, miezi mitatu baada ya mkutano kufungwa. Mwaka 1982 makanisa ya upande wa Kalvini, yaliyokutana Ottawa, Kanada, yalichukua wazo lile lile na kulitia meno mara moja. Yalitamka kwamba utetezi wa ubaguzi kwa Biblia ni uzushi, yakayasimamisha makanisa mawili ya Kikaburu, na kumchagua Allan Boesak wa Afrika Kusini kuwa rais wao. Walutheri, waliotangulia kusema, wakawa nyuma kutenda.

Viongozi wa Kilutheri wa Afrika waliokutana Harare mwishoni mwa 1983 walisema sasa imetosha. Mwaka 1984, Mkutano Mkuu wa saba uliofanyika Budapest, Hungary, ukayasimamisha uanachama makanisa mawili ya weupe, moja la Afrika Kusini na moja la Wajerumani wa Namibia. Kutoka Dar es Salaam hadi Budapest ni miaka saba. Kibira ndiye aliyekuwa Rais muda wote huo, na ni kwenye mkutano huo wa Budapest alipomaliza muda wake. Alifariki dunia Julai 1988, hakuiona Namibia ikipandisha bendera yake Machi 1990, wala kura ya Afrika Kusini ya 1994. Yale makanisa mawili yalirudishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Je, miaka saba ilikuwa mingi? Nimebishana na mwenzangu mmoja studioni juu ya hili mpaka fundi mitambo akatufukuza. Yeye husema azimio lisilo na adhabu ni hewa, na kwamba watoto walikuwa wanakufa wakati maaskofu wanaandikiana barua za heshima. Ana haki. Mimi husema kwamba bila neno la Dar es Salaam lisingekuwapo la kusimamia Ottawa wala Budapest, maana huwezi kumsimamisha mtu kwa kosa ambalo hujamwambia ni kosa. Lakini sina ujasiri wa kumwambia hivyo mama wa Soweto.

Na kuna upande mwingine ambao hatupendi kuuzungumza. Ni rahisi kuliona kosa la Kaburu. Luwum alikuwa ameuawa miezi minne tu kabla, mlango wa pili tu kutoka hapa, na serikali nyingi za Afrika zilinyamaza, nyingine zikiendelea kumpigia makofi Amin katika vikao. Ethiopia, ambako kituo cha redio kilichukuliwa, watu wa kanisa waliendelea kukamatwa. Gudina Tumsa, Katibu Mkuu wa Kanisa la Kilutheri la Mekane Yesus, alitekwa njiani na kuuawa Julai 1979. Mwaka 1994 huko Rwanda, katika nchi ile ile ulikoanzia Uamsho, watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, mara nyingine na watu waliokuwa wakishiriki nao meza moja. Hapo hapakuwa na ngozi mbili. Sikusikia mtu akitumia lile neno la Kilatini kwa haraka.

Mei 2017 Fungamano lilifanya Mkutano Mkuu wake Windhoek, Namibia, mara ya pili katika ardhi ya Afrika, miaka 40 baada ya ule wa Dar es Salaam. Wakamchagua Askofu Mkuu Musa Filibus wa Nigeria, Mwafrika wa pili kuwa Rais baada ya Kibira. Namibia ile ile ambayo wajumbe wake mwaka 1977 walitoka katika nchi isiyo yao, sasa ndiyo iliyokuwa mwenyeji, ikiandaa vitanda na kupika.

Maana lazima kulikuwa na jiko kule pia, na vijana wa sufuria, na huenda mmoja wao hajui hadi leo wageni wake walizungumza nini.

Mzee wa Kwala, nimelipa. Ulinilipia vikombe viwili vya chai na maandazi matatu, nami nilikataa, ukaniambia mgeni hakatai. Uliniuliza pia jambo lingine wakati nanyanyuka, kama yale makanisa ya weupe na ya weusi yamekwisha kuungana kuwa moja. Mazungumzo ya kuyaunganisha yamechukua miaka mingi na kanisa moja bado halijapatikana. Kipindi hiki kitarudiwa Jumapili saa tatu usiku. Kama leo betri ilikuwa imechoka, ianike juani Jumapili mchana.